Barua kwa Baba Salma kuhusu ruta na kuta za mawe

Tanga,
14 Machi 2025

Ndugu yangu mpendwa Baba Salma,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na mzee wetu huko ghorofani, na kwamba swaumu inakwenda vyema. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikangoja tumalize tarawehe ndipo niketi kuijibu, maana swali lako halitoshi katika ujumbe mfupi wa simu.

Unasema mtandao haufiki vyema chumbani kwa mzee, na umeiona dukani ruta, yaani kifaa cha kurusha mtandao wa Wi-Fi, yenye antena zilizosimama kama miiba ya nungunungu, imeandikwa AX3000 ubavuni, na muuzaji anakuapia kwamba itafika kila pembe ya nyumba. Nakuomba usiinunue bado.

Nyumba yenu hapo Mji Mkongwe wa Zanzibar naikumbuka vizuri. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, na siku ile tulipohamisha kabati la marehemu bibi niliupima unene wa ukuta mmoja kwa mkono, ukafika shubiri mbili na ushei. Hata dari si nyepesi, kwa sababu juu ya boriti za mikoko yamepangwa mawe na kushindiliwa chokaa. Mawimbi ya ruta hupita kwenye mlango wa mbao bila taabu kubwa, lakini yakikutana na jiwe nene kiasi hicho, tena lililonyonya unyevu wa masika, sehemu kubwa ya nguvu yake huishia humo humo. Ruta hurusha mawimbi ya masafa mawili: yale ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, huzuiwa zaidi kuliko yale ya gigahezi 2.4, na ndiyo sababu simu ya mzee hukimbilia haya ya pili, ikaonyesha mistari miwili ya mtandao huku video imeganda.

Huenda ukasema kwamba basi tununue ruta yenye sauti kubwa zaidi. Hapo ndipo wengi wanapopotea, nami nilikuwa mmoja wao. Mwadhini mwenye kipaza sauti unamsikia ukiwa sokoni Darajani, lakini wewe ukimwita kutoka Darajani hakusikii. Simu nayo ina kisauti chake kidogo, na kila inapopokea lazima ijibu. Kwa hiyo ruta ikipaza sauti kiasi gani, mazungumzo hayaendi ikiwa jibu la simu haliupenyi ukuta.

Ama hiyo namba iliyoandikwa ubavuni, isikutishe. Ile 3000 ni megabiti 574 za masafa ya gigahezi 2.4 zilizojumlishwa na megabiti 2402 za gigahezi 5, kisha zikakuzwa kidogo ili hesabu ipendeze machoni. Na simu kwa kawaida hutumia upande mmoja tu kati ya hizo mbili, wala haifikii kasi iliyoandikwa kwa kuwa hiyo ni hesabu ya karatasini. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba unalipia megabiti 20 kwa sekunde. Kabla ya kutoa hata shilingi, simama hatua mbili kutoka kwenye kile kisanduku cha faiba sebuleni, kinacholeta mtandao nyumbani, upime kasi kwa simu, kisha upande ukapime chumbani kwa mzee. Ukipata 20 sebuleni na 2 chumbani kwa mzee, basi mtandao unao wa kutosha, ila haujafikishwa anapolala mzee. Ukipata 6 hata hapo sebuleni, ruta mpya haitakusaidia. Wapigie wanaokuuzia huduma.

Mimi nilianza kwa njia ya mkato. Nilinunua kile kifaa cha kuchomeka ukutani kinachopokea mawimbi na kuyarudia, nikakiweka katika chumba kisichokuwa na mtandao, nisitambue kwamba mahali pasipo na mawimbi nacho hakina cha kurudia. Nilipokisogeza katikati ya nyumba kikafanya kazi, lakini kasi ikapungua karibu nusu, kwa kuwa redio ile ile moja ilikuwa inapokea na kutuma kwa zamu. Vile visanduku vinavyouzwa viwili au vitatu pamoja ili vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe ni bora kuliko hicho, lakini katika nyumba ya mawe navyo vitasumbuka vikiachwa vizungumze hewani.

Ninachokushauri ni waya. Acha kisanduku cha faiba palepale kilipo, kisha nunua ruta mbili za kiasi za Wi-Fi 6, kizazi kile kile cha hiyo uliyoiona, hata za daraja la chini la AX1800, badala ya moja ya fahari. Kila moja ivutiwe waya wake wa mtandao wa aina ya Cat6, upitie ua wa ndani na ngazi, ili usitoboe ukuta wa watu katika Mji Mkongwe, ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Waya huo unafika mita 100 bila kasi ya mtandao kupungua, nawe hutahitaji hata 30. Ruta zote mbili uzigeuze ziwe vituo vya kurusha mawimbi tu, kazi ya kuipa kila simu anwani yake ya mtandao ibaki kwa kisanduku cha faiba, na zipe jina moja na nywila moja ili simu ihame yenyewe mzee anaposhuka. Wi-Fi 7, kizazi kipya zaidi kilichoanza kuidhinishwa mwaka 2024, usiihangaikie, kwani simu zenu hazina uwezo nayo.

Kwa kuwa majirani mmebanana, katika masafa ya gigahezi 2.4 chagua chaneli, yaani njia ya mawimbi, namba 1, 6 au 11, zile zisizoingiliana, kulingana na ipi majirani wanaitumia kidogo. Kwa gigahezi 5 kuta zile zile zinazokukera zitakukinga dhidi ya mawimbi ya wenzako. Nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta ibadilishe siku hiyo hiyo. Najua utasahau, ndiyo maana nakuandikia. Umeme ukikatika, kibetri kidogo cha volti 12 kinatosha, lakini soma kwanza maandishi ya adapta, kwa sababu si kila ruta inatumia volti hizo, na kumbuka kwamba kisanduku cha faiba nacho kinahitaji chake.

Nipimie kwa kamba urefu kutoka sebuleni hadi mlangoni kwa mzee, ukifuata ngazi, uniandikie. Nitanunua waya na vichwa vyake huku, na nikija baada ya Idi nitakuwa na koleo ya kubania. Wewe tafuta ngazi ndefu ya kuazima.

Nisalimie wote, na mzee umwambie naomba dua yake.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Idrisa