Visiki vya Handeni ni vyetu sisi wa Dar es Salaam

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mzigo ambao kaya ya mjini na kaya ya kijijini zinaitwisha ardhi. Mwezi uliopita nilikuwa Handeni kwa shangazi yangu, na katika mkutano wa kijiji nilimsikia ofisa mmoja akiwaambia wanakijiji kwamba wao ndio wanaomaliza misitu. Niliumia, kwa sababu najua mkaa ninaopikia huku Mbagala unatoka wapi.

Shangazi hupikia mafiga matatu. Kuni zake ni matawi makavu anayookota shambani na kandokando ya njia, na maharage yakishaiva huchomoa vijinga na kuvizima kwenye majivu ili avitumie jioni. Mimi humaliza gunia zima la mkaa kwa mwezi, na sijawahi kukiona hata kisiki kimoja cha mti uliokatwa kwa ajili yangu. Mchoma mkaa hangoji matawi yaanguke. Huangusha mti mbichi, akaukata magogo na kuyafukia katika tanuri la udongo, ambamo kwa kawaida kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Kwa kuwa kilo hiyo ya mkaa hutoa joto linalokaribia mara mbili tu ya lile la kilo ya kuni kavu, sehemu kubwa ya nguvu ya mti huwa imekwisha kupotea porini kabla gunia halijapakiwa kwenye lori. Ni kweli kwamba jiko la mkaa hutunza joto kuliko mafiga, lakini nafuu hiyo haifidii hasara ya tanuri.

William Rees na Mathis Wackernagel, wataalamu walioasisi nchini Kanada katika miaka ya 1990 kipimo cha mzigo ambao mtu anaitwisha ardhi, walimhesabia mtumiaji eneo la ardhi linalomlisha, popote lilipo. Kwa hesabu hiyo, visiki vya Handeni, Kisarawe na Rufiji ni vyetu sisi wakazi wa jijini. Sisemi kijiji hakina lake, maana kilimo cha kuhamahama na moto wa kuandaa mashamba hula msitu pia, na hilo lisemwe. Ila lisemwe pamoja na magunia yetu.

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Shangazi naye anaihitaji, kwa sababu moshi unamharibu macho, lakini kwa upande wa miti, mtungi wa gesi unaowekwa Mbagala utaokoa mingi zaidi. Wakati tukisubiri, ushuru wa mkaa urudi katika kijiji ulikokatwa mti, kama ilivyofanyika katika baadhi ya vijiji vya Kilosa, ambako wanakijiji walivuna kwa vitalu, wakaacha visiki vichipue, na mapato yakajenga madarasa.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam