Kaka, lile daftari ninalo mimi

Shikamoo kaka.

Najua hupendi mambo ya nyumbani yaanikwe mtandaoni. Lakini mwaka jana ulijitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp tarehe 27 Desemba saa kumi na moja alfajiri, na tangu siku hiyo simu yako inaita mpaka inakata. Nikimpigia wifi ananiambia uko bafuni. Mwaka mzima uko bafuni, kaka. Basi naandika hapa, kwa sababu najua unasoma. Mwezi wa tano ulimwambia Mama kwamba nimewadanganya watu hapa kuhusu mtori, ile supu yetu ya ndizi, kwamba haupikwi kwa ndizi yoyote bali mshare. Ulikuwa sahihi. Nilirekebisha.

Kwanza tuliweke sawa hili: sikuchoma kitu. Nasikia unawaambia watu nimelichoma gunia la Meku, yule mzee uliyekuwa unamwigiza kila sikukuu mpaka mwaka jana nilipoufunga mchezo, na kengele, na ndevu za sufi. Kengele ya ng'ombe ni chuma, inachomwaje? Vyote viko stoo kwa Mama, nyuma ya madebe ya alizeti, nimevitia kwenye mfuko wa sandarusi panya wasivifikie. Daftari tu ndilo ninalo huku Arusha, na hilo silirudishi.

Unakumbuka lilikoanzia? Mwaka 1989 ule mkataba wa kahawa wa nchi zinazouza na zinazonunua ulivunjika, bei ikaporomoka duniani, na sisi pale kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani, tulichojua ni kwamba Baba alikwenda Moshi mjini kuulizia hela akarudi na mkate mmoja. Hakuna nguo za sikukuu, hakuna viatu. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa na gauni lenye mkanda mwekundu unaofungwa nyuma. Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na mitano. Jioni ya tarehe 26 ukapotea, halafu tukasikia kengele migombani. Ukatokeza umevaa gunia la kahawa lililotobolewa matundu matatu, na ndevu ulizochomoa kwenye mto wa Baba. Ukasema wewe ni Meku wa Kibo, umeshuka kutoka kwenye theluji ya Kilimanjaro, na umetuandika mwaka mzima. Ukafungua daftari lako la hesabu la darasa la saba.

"Huyu aliteka maji ya bibi yake siku arobaini bila kuambiwa." Huyo mimi. Hazikufika arobaini, labda tisa. "Huyu hakulia alipochomwa sindano." Huyo mdogo wetu, mgongoni kwa Mama, ana mwaka mmoja na meno manne. "Huyu amelima msimu mzima hajaona senti, na kila jioni ametuombea chakula." Baba aliinama akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Alikuwa amevaa ndala.

Kisha ukatugawia ndizi mbivu, moja moja, kwa mikono miwili, kama Mamajusi.

Huo ndio mchezo ninaoutetea mimi. Ule tulioufunga mwaka jana ulikuwa mwingine, uliovaa gunia lilelile.

Sijui uligeuka lini hasa. Baba alipofariki 2006 ulikuwa bado mtamu. Baadaye watu wakaanza kuwa na hela, na Meku naye akaanza kuwa na macho ya mjini. Nani amejenga, nani bado anapanga. Nani amekuja na gari lake, nani kakodi kwa wiki mbili halafu anajifanya amenunua (hili, nakiri, lilikuwa linachekesha, hasa mwaka ule binamu alipokataa kufungua buti kwa sababu hajui linafunguliwaje). Ukaja kwenye ndoa za watu. Ulipomsoma mke wa binamu, "mwaka wa tano, bado tunasubiri mavuno," aliinuka akaenda nyuma ya jiko kuosha sufuria zilizokuwa zimeshaoshwa. Nilimwona. Alisugua moja mpaka giza likaingia. Hata hapo sikusema kitu.

Halafu 2023.

Mdogo wetu tulikuwa tumemzika mwaka mmoja nyuma, Mei 2022, pembeni ya Baba. Uani kulikuwa na watu thelathini na kitu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ameshakatwa, na mbege, pombe yetu ya ndizi, imezunguka mara mbili. Ukatokea migombani upande wa juu, njia yako ya siku zote. Nadhani hukufikiria. Zamani pale palikuwa na migomba tu, sasa pana makaburi mawili, na mtoto wa miaka sita aliyekuwa amesimama na mama yake aliona Meku akija kutoka alikolala baba yake. Akaachia mkono wa mama yake, akaja akashika gunia.

"Meku, umempita baba kule?"

Ukasema ndiyo, kwa ile sauti yako nzito.

"Yumo kwenye daftari?"

Hapo, kaka. Watu wote walikuwa wamenyamaza, hata mashemeji. Ungesema lolote. Ungesema hakulia alipochomwa sindano. Ulilamba kidole, ukafunua kurasa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ukasema: "Yumo. Ukurasa wa madeni. Laki nane na nusu, ya pikipiki."

Ua mzima ukacheka.

Kesho yake asubuhi, kabla sijarudi Machame kwa wakwe, mtoto alinikuta jikoni nakoroga uji. Akaniwekea kiganjani ile sarafu ya mia tano uliyowagawia watoto jana yake. "Shangazi, mpe Meku. Apunguze." Uji uliungua. Mama alinigombeza, nikagombezwa nikiwa nimekunja ngumi kwa sababu sarafu imo ndani.

Sikukupa. Wala sikukuambia. Ndiyo leo unasikia, pamoja na hawa wote wanaosoma, na kwa hilo nisamehe.

Najua utakachosema. Laki nane na nusu ulizitoa kweli, na hukuwahi kumdai hata siku moja. Jeneza ulinunua wewe. Ada ya mtoto unalipa wewe mpaka leo, na hukuwahi kuitangaza. Yote kweli, tena mengine wanaukoo hawayajui. Ndiyo maana inaniuma zaidi. Kumbe ukurasa wa ada ulikuwepo, ukaamua kusoma ule mwingine ili watu wacheke.

Sasa kuhusu ulokole. Umewaambia ndugu kwamba ulokole umenipanda kichwani, na kwamba mtoto wa kike aliyeolewa Machame hawezi kuja kufunga mchezo wa kwetu Mwika. La kuolewa nitakujibu siku tukionana. La ulokole nakujibu hapa. Mimi ni Mlutheri kama wewe, nimekaa kwenye mabenchi yaleyale ya kipaimara, na tulichokaririshwa ni kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani, kwa neema, si kwa matendo yake. Kuhesabiwa haki. Kila Desemba nchi nzima inatutania kwamba Wachaga wanakwenda kuhesabiwa, na sisi tunacheka, tunapanga foleni ya tiketi stendi ya Mbezi, Dar, na kupanda basi. Lakini fungua Luka sura ya pili uone nani alikuwa anahesabu. Kaisari Augusto. Yeye ndiye aliyekuwa na daftari. Yusufu alipanda kutoka Nazareti na mchumba mjamzito ili jina liandikwe, na Mtoto akazaliwa katikati ya shughuli hiyo ya kuandikishwa, akalazwa horini. Malaika alipowatokea wachungaji usiku hakuwauliza wana kondoo wangapi.

Wanao walinitolea hoja ya Baba Krismasi, kwamba hata yeye ana orodha ya watoto wema na wabaya. Niliwaambia wasome habari za Nikolao, askofu wa Mira, anayekumbukwa tarehe 6 Desemba. Inasimuliwa kwamba palikuwa na baba maskini mwenye mabinti watatu wasio na mahari, naye Nikolao akawatupia dhahabu dirishani usiku ili asijulikane. Hakusoma majina yao uani kwanza.

Nimesoma tena aya hizo mbili na naona nahubiri. Mume wangu ni mzee wa kanisa, pengine imeniambukiza.

Tena nani aliyenifundisha haya kabla ya mchungaji yeyote? Wewe. Mwaka ule ulipopata mshahara wa kwanza, baada ya ibada ya Krismasi, kwenye mnada wa sadaka, Mama alikuwa ametoa jogoo wake mwekundu. Mzee mmoja mwenye duka akapandisha bei, ukampandishia, akapandisha, ukampandishia, usharika mzima unapiga makofi. Ukalipa karibu nusu ya mshahara. Nikadhani unamrudishia Mama jogoo wake. Ukatoka naye kwapani, ukampa yule bibi mjane wa mtoni, ukamwambia ametumwa, hukusema na nani. Mimi nilikuwa nyuma yako nimebeba Biblia yako.

Kwa hiyo usiniambie hujui tofauti.

Na sasa nifike nilipokuwa nazunguka. Nimeandika "ua mzima ukacheka" kana kwamba mimi nilikuwa ua wa jirani. Nilicheka, kaka. Nilikuwa na chupa ya soda mkononi na nilicheka mpaka ikanimwagikia kwenye kitenge. Nilikuwa nimeshaanza kucheka kabla hujamaliza kusema "pikipiki", kwa sababu miaka thelathini na minne nimezoea kwamba wewe ukilamba kidole, kinachofuata ni kicheko. Wifi yetu mdogo, mama wa yule mtoto, aliniangalia mimi, si wewe. Wewe ulikuwa na ndevu usoni.

Pengine ndiyo sababu mwaka jana niliwahi asubuhi na mapema kuficha gunia badala ya kukuita pembeni tuzungumze kama watu wazima. Ningekuita ungeniuliza, "Na wewe ulikuwa unafanya nini?" Badala yake nikasimama mbele ya watu baada ya chakula, nikatangaza kwamba mwaka huu hakuna Meku, kuna somo la Luka na watoto wataigiza. Nilikuaibisha mbele ya ukoo, siku moja na saa ileile uliyokuwa unaaibisha watu. Mama ananiambia hivyo kila wiki. Lakini kufunga nilifunga kwa haki, na hilo sirudi nyuma. Njia ndiyo ilikuwa mbaya.

Mama anasema mmoja wetu apeleke isale. Ukipelekewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata mzee mkorofi kuliko wote anajua. Tatizo ni kwamba jani lile halitumwi kwa simu. Na mimi ninayo ya kuchuma mawili, moja la kwako na moja la kule chini kwa wifi yetu mdogo. Wewe unalo la nani?

Mwaka huu watoto wanaigiza tena. Yule mtoto wa mdogo wetu ameomba awe mchungaji, amepewa fimbo ya Baba, na tangu Novemba anamchapa nayo mbwa wa Mama akisema ni kondoo. Hatuna msomaji. Mwaka jana nilisoma mimi, sauti ikanikauka kwenye "Kirenio, liwali wa Shamu", watoto wakaanza kucheza na simu. Ile sauti ya Meku ndiyo inayofaa pale, bila gunia. Kama unaona unaitwa kazini baada ya kufukuzwa, ni kweli, ndivyo ilivyo.

Siku hizi mabasi ya usiku yapo, unaweza kutoka Dar jioni tarehe 25 ukaamkia Moshi. Mia tano ya mtoto nitakuja nayo. Ukija, pita getini. Usipite migombani.