Barua ya Wazi kwa Dada Yangu: Sikuwa Likizoni

Dada yangu mpendwa,

Simu yako ya Jumapili ilinifurahisha, tena ikanichoma. Ulinieleza kwa uchungu jinsi mama mkwe wa binti yetu anavyomtazama akiwa ameketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi, akiwahudumia wateja wa kampuni iliyomwajiri, na jinsi alivyomwambia mbele ya mawifi zake kwamba mke asiyevuka kizingiti hana kazi ya kumzuia kuingia jikoni. Ukaniuliza nimshauri nini, kwa kuwa mimi, mkutubi wa chuo kikuu, niliwahi kufanya kazi nikiwa nyumbani na ninayajua mambo hayo. Nimelifikiria swali lako nikaona nisilijibu kwa simu, maana kwa simu sisi wawili ama hucheka ama hununiana, na jambo hili linataka kuelezwa mpaka mwisho. Ninaliandika hadharani kwa sababu naamini ziko nyumba nyingi zenye meza kama ile niliyofanyia kazi nyumbani kwako na watu wawili kama sisi.

Mwambie binti awe na saa za kazi zinazojulikana na kila mtu nyumbani, na awatajie wakwe zake saa hizo kabla hawajamhitaji, wala asingoje mpaka aitwe. Awe na mahali pake, hata kama ni pembe ya chumba, na mlango uwe umefungwa anapozungumza na wateja. Anunue tokeni za umeme yeye mwenyewe, asije akaambiwa kwamba kompyuta yake ndiyo inayomaliza stima. Na la kumweleza mama mkwe alibebe mumewe, kwa kuwa mama humsikia mwanawe kwa sikio ambalo hamtegei mke wa mwanawe. Basi. Nilipofika hapo nilitaka kuifunga barua, lakini kila shauri nililoliandika lilinirudisha kwako, dada, kwa sababu saa zangu nilikutajia, mlango niliufunga, tokeni nilinunua, na shemeji nilimwomba akueleze.

Unakumbuka tulivyoanza. Machi 15, 2020, kwa sababu ya korona, rais alitangaza kwamba shule zifungwe na vyuo vikuu viwe vimefungwa kufikia Ijumaa ya Machi 20. Tulidhani ni majuma machache, nami nikaja Mombasa na begi moja na kompyuta ya ofisi. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, Aprili 8 zikafuata Mombasa, Kwale na Kilifi, na Mei 6, tukiwa ndani ya Ramadhani, Mji wa Kale wenyewe ukazuiwa watu kuingia wala kutoka, hata Tudor kwa shangazi hatukuweza kwenda. Ulinipokea bila kuuliza nitakaa mpaka lini. Ulimhamisha mwanao kitandani ili mimi nilale, na kila daku uliniamsha mwenyewe kwa mkono begani, kama ulivyofanya tangu nilipokuwa mdogo. Hayo sijayasahau, na mtu yeyote asomaye barua hii asidhani kwamba dada yangu alinitesa.

Lakini hukuwahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini pale mezani, na sasa nitakueleza.

Majarida ya kitaaluma ambayo vyuo vyetu huyalipia kwa pamoja kupitia KLISC, yaani muungano wa maktaba za Kenya, hufunguka kwa anwani ya mtandao wa chuo. Mwanafunzi akiwa ndani ya kampasi, mchapishaji huitambua anwani hiyo na kumfungulia bila hata kumuuliza jina. Akishatoka langoni huwa mgeni, na makala ile ile aliyoisoma bure juzi humdai dola thelathini au zaidi. Programu ya kuingilia kutoka mbali tulikuwa nayo, lakini wanafunzi wengi hawakuwahi kujiandikisha kwa kuwa hawakuwa wameihitaji, na ghafla wote waliihitaji katika juma moja, kila mmoja akiwa kwao. Ilibidi tuhakikishe namba ya usajili ya kila mmoja, tumfungulie akaunti, tumtumie nenosiri, kisha tumwelekeze kwa simu, hatua baada ya hatua, mtu ambaye simu yake ina ufa katikati ya kioo na kifurushi chake kinaisha. KENET, mtandao unaoviunganisha vyuo vyetu, ulitafuta vifurushi vya bei nafuu kwa wanafunzi, lakini wengi waliendelea kutegemea vile vya usiku, na ndiyo maana simu yangu ililia saa ambazo wewe ulisema watu wenye heshima hawapigiani.

Vitabu vilivyoazimwa vilibaki mikononi mwa watu waliotawanyika nchi nzima. Tuliingia katika Koha, mfumo unaotunza rekodi za uazimaji, tukasogeza mbele tarehe za kurudisha ili mtu asidaiwe faini kwa kitabu ambacho asingeweza kukileta. Waliokuwa wakikamilisha masomo walihitaji idhini ya maktaba kuwa hawadaiwi kitu. Tasnifu zilihitaji kupimwa ulinganifu wa maandishi, yaani kuangaliwa kama yamenakiliwa kwingine, kabla ya kutetewa kwa njia ya video. Walimu ambao hawakuwahi kufundisha kwa intaneti walituomba sura ya kitabu fulani, na mwenzetu aishiye jirani na chuo, aliyepewa ruhusa ya kuingia jengoni, alipiga picha kurasa hizo rafuni na kututumia, nasi tukazipanga zikasomeka. Kulikuwa na swali la haki miliki kila siku, kwa sababu sura moja kwa ajili ya mafunzo tuliweza kuitetea, lakini kitabu kizima hatukuweza, na kumkatalia mwanafunzi aliye Lodwar, ambaye hana pengine pa kukipata, ni jambo linaloumiza. Machi 24 Internet Archive ya Marekani iliondoa foleni za kusubiri kwenye vitabu vyake zaidi ya milioni moja, nasi tukawaelekeza wanafunzi huko kwa furaha. Wachapishaji wakafungua kesi, na kufikia Juni 16 mlango huo ulikuwa umefungwa. Juma lile nilijibu ujumbe wa malalamiko mpaka macho yakaniwasha. Wewe uliona mtu aliyekodolea simu macho.

Tena nilikuwa na wenzangu wa kuwahangaikia. Maktaba si wakutubi peke yao. Wapo wanaorudisha vitabu rafuni, wanaovijalidi upya, wanaokagua mifuko mlangoni, na kazi hizo hazifuati mtu nyumbani kwake. Watu hao hawakuwa na kompyuta, na wale wa mikataba mifupi waliogopa kwamba mwajiri akigundua kuwa hawana la kufanya, mkataba utaishia hapo. Tuliwatafutia kazi ya kuingiza majina ya waandishi, vichwa na mihtasari ya tasnifu za zamani katika hazina ya kidijitali ya chuo, wengine wakiandika kwa simu herufi kwa herufi, nami nikiwapitia na kuwasahihisha jioni. Mzee mmoja aliyezijua rafu zetu kuliko katalogi yenyewe alijifunza kazi hiyo kwa kuelekezwa na mjukuu wake. Nilipokuwa nikicheka mezani, dada, mara nyingi nilikuwa nikicheka naye, na sijui kwa nini kicheko kile kilikuudhi sana.

Sasa nije kwenye ile alasiri, kwa sababu najua unaikumbuka, ingawa kila ninapoitaja huwa unaingia jikoni.

Ilikuwa bado funga, saa kumi na moja na ushei. Nilikuwa nazungumza kwa video na mwanafunzi wa uzamili aliyekuwa kwao, kaunti ya Marsabit, ambako ilimbidi apande kilima kupata mtandao. Msimamizi wake alikuwa amemtaka apeleke ripoti ya ulinganifu na marejeo yaliyosahihishwa siku ile ile. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, upepo unavuma ndani ya simu, nami namwonyesha makala mbili alizozikosa na namna ya kuzifungua. Uliniita mara ya kwanza, nikainua mkono. Uliniita tena, nikakwambia nipe dakika chache. Ukaja ukiwa na mwiko mkononi, na mbele ya shemeji na watoto ukaikunja kompyuta kwa kiganja chako, polepole, kana kwamba unamfumba macho mtu, ukasema: “Maktaba ni vitabu, na vitabu viko Nairobi. Wewe uko hapa kwangu. Kama huna vitabu huna kazi. Njoo ukune nazi.”

Shemeji aliinamisha kichwa. Mwanao mdogo alicheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha.

Nazi niliikuna, na unajua kwamba sijawahi kuionea haya mbuzi ya nazi. Nilipoifungua kompyuta, muda wa kutotoka nje ulikuwa umekaribia, na ujumbe wa yule mwanafunzi ulikuwa umefika: “Mwalimu, nakuomba radhi, mtandao umekatika na kifurushi kimeisha. Nimelazimika kurudi nyumbani kabla ya saa moja.” Aliniomba radhi yeye. Aliamini kwamba kosa ni la mtandao wake, na mimi sikuweza kumweleza kwamba ni mkono wa dada yangu, kwa sababu wewe ndiye mama yangu tangu mama alipofariki na siwezi kukusema kwa mgeni. Makala alizipata kesho yake, na msimamizi alimvumilia. Angeweza kutomvumilia.

Utaniambia, kama ulivyomwambia kaka, kwamba nyumba ilikuwa na watu wanane, kwamba biashara yako ya mahamri ilikuwa imesimama kwa sababu watu hawakutoka, kwamba ulichoka. Najua. Mahamri hayo ndiyo yaliyonisomesha, na mshahara wangu ulipoingia mwezi ule nilikupa sehemu kubwa kuliko niliyobaki nayo, wala sikusema. Lakini ulipomwambia jirani dirishani kwamba serikali inanilipa kwa kulala, uliuchukua mshahara na kuikana kazi iliyouleta, na hilo ndilo lililonifanya nirudi Nairobi mara tu njia zilipofunguliwa Julai, bila kungoja hitima ya babu.

Kwa hiyo ulipolia Jumapili ukisema kwamba binti yako ana shahada, ana mkataba, ana wasimamizi wanaomhesabia kila dakika, na mtu mzima mwenzako anathubutu kumwita mvivu ndani ya nyumba yake, nilikubaliana na kila neno. Ulizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza mimi. Nenda ukayaseme hayo kwa mama mkwe, kwa adabu ile ile na kwa hasira ile ile, na ukitaka niwepo nitakuja, maana mimi ni mjomba wake na nina haki ya kuketi katika mazungumzo hayo.

Lakini kabla hatujaingia katika nyumba ya watu kumtetea mtoto, nataka unipigie wewe mwenyewe, usimtume shemeji wala kaka, uniambie kwamba mwaka ule nyumbani kwako nilikuwa kazini. Jumamosi sina zamu, na simu itakuwa mkononi.

Mdogo wako