Vijana wetu wa Abayudaya (Wayahudi wa Uganda), nyimbo za Kiganda msiziache

Shalom wanangu na wajukuu zangu, nyie mlioko Kampala, Nairobi na mliovuka mpaka Israeli na Marekani. Naandika Kiswahili ili hata wenzetu wa Kasuku huko Kenya wasome bila shida.

Kuna jambo linaniuma. Siku hizi Sabato pale Nabugoye, kwenye sinagogi letu karibu na Mbale, sala inaenda vizuri mno, Kiebrania safi, tuni zimetoka Marekani, na wageni waliotufundisha nawashukuru kwa moyo wote. Ila tukianza zile Zaburi za Kiganda naona wazee ndio tunaitikia, vijana mnaangaliana tu.

Hivi mnajua zilitoka wapi? Semei Kakungulu alikuwa jemadari, aliwapigania Waingereza huku mashariki mwa Uganda, wakamnyima ukubwa aliotegemea, akakaa zake huku Mbale na Biblia ya Kiganda akawa anaisoma mwenyewe. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe, wenzake wa dini ya Malaki (dhehebu la Kikristo la hapa Uganda) wakamwambia hiyo ni mambo ya Wayahudi, akasema basi mimi ni Myahudi. Hakutumwa na rabi yeyote! 1922 akatoa kitabu cha sheria na sala kwa Kiganda, na nyimbo akazichota humo humo kwenye Torati na Zaburi ili hata asiyejua kusoma abaki na neno kichwani. Alifariki 1928, nyimbo zikaendelea.

Halafu akaja Rais Idi Amin akapiga marufuku dini yetu. Wengi wakaingia Uislamu au Ukristo ili waishi, na mimi siwalaumu jamani, woga si mchezo. Tulikuwa kama 3,000 tukabaki kama 300. Hao waliobaki walisali ndani kwa siri, milango imefungwa, sauti chini jirani asisikie, na mtoto alifundishwa wimbo na mama yake kwa kunong'onezwa sikioni. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania yakaingia Kampala, na jioni ya tarehe 11 mwezi huo ndiyo ilikuwa usiku wa kwanza wa Pasaka yetu, yaani tunakaa kusimulia kutoka Misri na Farao wetu ndo amekimbia! Basi nawaomba sana, mkiwa mezani Pasaka huko mliko, baada ya habari ya Musa wasimulieni watoto na hii ya 1979, ni yao.

Najua kuna atakayesema mzee, Kiebrania ndiyo lugha takatifu. Sawa kabisa, jifunzeni, mimi mwenyewe bado nasoma, na siku rabi wetu Gershom Sizomu alipowekwa wakfu kuwa rabi kule Los Angeles 2008 tulishangilia wote. Lakini Kiebrania utakikuta sinagogi yoyote duniani, hizi za Kiganda zikifa Nabugoye na Namutumba utaenda kuzitafuta wapi? Kuna zilizorekodiwa zikatolewa Marekani 2003, zikateuliwa mpaka kwenye tuzo za Grammy, kwa hiyo mtu wa mbali anazo nyumbani kwake na mtoto wa Mbale hazijui, hilo mimi linaninyima usingizi kwa kweli.

Sasa nyie mna simu nzuri. Likizo ya Sukoti (sikukuu ya vibanda) mkirudi, kila mmoja aende kwa bibi au babu yake, amwombe aimbe wimbo mzima, sio kipande, amuulize alifundishwa na nani na mwaka gani, amwache aongee hata akitoka nje ya mada maana humo humo ndo kuna historia. Majina ya waliosali kwa siri muyaandike. Halafu msizirundike kwenye wasapu zikafutika, wekeni nakala sehemu mbili tatu, na ukirudi Nairobi uimbe na wanao Ijumaa jioni, hata kama mko watu wawili na mshumaa.

Njooni Jumatatu mpaka Alhamisi, au Ijumaa asubuhi mapema. Sabato ikiingia simu tunazizima, na wazee wenye sauti bado wapo ila sio wengi, kwa hiyo anzeni na wale wakongwe zaidi, mimi nitawapeleka mwenyewe nyumba kwa nyumba.