KUH: Vyuma vya mraba vilivyopasuka, na jibu mlilonipa kwa simu

Karakana ya jua kali,
Nakuru.

Kwa Meneja wa Mauzo,

Bwana Meneja,

Mwezi uliopita nilichukua kwenu vyuma 60 vya mraba, vya milimita 12, vya kutengenezea madirisha ya shule moja upande wa Njoro. Katika 20 vya kwanza nilivyosokota, 7 vilifunguka ufa kwa urefu, kama muwa uliopasuliwa kwa meno. Nilipopiga simu, kijana wenu alisema nimevikaza kupita kiasi. Dakika mbili baadaye akasema labda vilinyeshewa.

Mimi husokota chuma kikiwa baridi. Ufa ukizaliwa mikononi mwangu, ndani yake hung'aa. Huu wenu ni mweusi ndani kama sufuria ya kuni: lile gamba linaloshika chuma kikiwa chekundu. Kutu ya mvua ina rangi ya udongo, hata mwanafunzi wangu wa mwezi mmoja anaijua. Vile 40 ambavyo sikuwa nimevigusa nilivipaka mafuta ya taa, nikavipangusa vikauka, kisha nikapaka chaki. Haukupita muda, mafuta yaliyojificha ndani ya nyufa yakajichora mistari kwenye 11.

Kabla ya karakana hii nilifanya kazi miaka 6 kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma, upande wa bileti, ile miche minene ya chuma ambayo baadaye hubanwa na rola hadi iwe vyuma vyembamba kama hivi, kwa hiyo tusidanganyane. Chuma kioevu huganda ngozi ya kwanza ndani ya kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji, nayo kalibu hupanda na kushuka ili ngozi hiyo isinate. Kalibu ikilika, au maji yakipita vibaya upande mmoja, ngozi hutoka nene huku, nyembamba kule, na pembamba ndipo hupasuka. Rola haizibi ufa wenye gamba, huurefusha tu. Tazameni pia chuma chakavu mnachonunua. Nyaya za shaba zikishaingia tanurini hazitoki tena; bileti ikipashwa moto, shaba hiyo hujikusanya chini ya gamba, huyeyuka na kuuchanachana uso wa chuma.

Nataka vyuma 18 vya kufidia hivyo 7 na 11, gharama ya kuvileta iwe yenu. Nielezwe pia kama bileti za shehena ile zilikaguliwa uso kabla ya kupita kwenye rola. Mwalimu mkuu amenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Vipande vilivyopasuka nimeviweka. Mtu wenu akija kuviona, aje na tochi.

Wako mwaminifu,
Fundi mwenye karakana