Barua kwa mwanangu: angalia uzito wa ugali, si rangi ya unga

Mpwapwa

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Ujumbe wako nimeupata: sukari ya damu asubuhi inasoma 9 hadi 11 (milimoli kwa lita, kipimo cha mashine yako), unameza vidonge vya kisukari, metformini na glibenklamidi, na umeamua kupunguza wanga. Uamuzi huo nauunga mkono kabisa. Ila umeandika kwamba umeacha sembe na sasa unakula dona na ugali wa uwele kwa kuwa hauna sukari. Hapo tusimame kwanza, mama.

Unga wowote wa nafaka, uwe sembe, dona, mtama au uwele, una gramu 70 hadi 80 za wanga katika kila gramu 100. Dona na uwele vina nyuzinyuzi zaidi, kwa hiyo sukari huingia damuni polepole kidogo, na mimi mwenyewe ningekuchagulia hivyo kuliko sembe. Lakini tofauti hiyo haitoshi kuokoa sahani iliyojaa. Ugali mgumu uliokwisha kupikwa una wanga wa gramu 25 hadi 30 kwa kila gramu 100. Wali ni hivyo hivyo. Sahani ya mama lishe huko Mtumba inaweza kufika nusu kilo ya ugali. Hiyo ni gramu 125 hadi 150 kwa mlo mmoja, wakati mtu anayekula wanga kidogo hukaa chini ya gramu 130 kwa siku nzima. Uji wa lishe nao, hata usipotia sukari, ni unga uliosagwa laini na kuivishwa sana; hupandisha haraka kuliko kande za nafaka nzima.

Kabla hujapunguza chochote, nenda kliniki ukamwambie daktari unachotaka kufanya. Hili usiliruke. Glibenklamidi huisukuma kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, umekula ugali au hujala. Ukipunguza wanga kwa nusu na dozi ikabaki ileile, sukari inaweza kushuka chini ya 4: utatetemeka, jasho litakutoka, moyo utaenda mbio, utachanganyikiwa. Ikitokea, koroga vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji nusu glasi, unywe, subiri dakika 15, upime. Ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, kula chakula kidogo chenye wanga, na siku hiyohiyo ufike hospitali, maana dawa hii hukaa mwilini saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena usiku ukiwa umelala. Mwenzako naye afundishwe haya. Na ukizimia asikumiminie kitu mdomoni, akukimbize hospitali. Metformini peke yake ni nadra kuleta balaa hilo. Dozi aipunguze daktari, si wewe.

Na siku ukibadilishiwa dawa ukapewa dapaglifulozini au empaglifulozini, mkumbushe daktari kwamba wanga unaokula ni kidogo. Dawa hizo zikikutana na mlo wa namna hii zinaweza kujaza damu asidi ya ketoni, ile inayotoka mwili unapochoma mafuta, hata kama mashine haionyeshi sukari kubwa. Kutapika, tumbo kuuma na kuhema kwa nguvu ni dalili za kwenda hospitali mara moja.

Sasa jikoni. Nunua mzani mdogo wa jikoni, pima ugali wako kwa wiki moja mpaka jicho lizoee. Anza na gramu 100 kwa mlo, bonge la ukubwa wa mayai mawili ya kuku. Najua litaonekana dogo, na njaa utaisikia ukilipunguza bonge bila kuongeza kitu kingine. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa siku ya tatu. Kwa hiyo ongeza mboga na kitoweo. Mlenda upike mzito, uchanganye na nyanya na vijiko viwili vya karanga za kusagwa, uule kwa kijiko kama chakula chenyewe, pembeni kuku au samaki wa Mtera. Mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, bamia, kabichi na bilinganya kula mpaka ushibe. Anza na mboga na kitoweo, ugali uje mwisho. Mpangilio huo tu hupunguza kasi ya sukari kupanda.

Maharage na choroko ni vizuri, ila vina wanga wake. Vijiko vinne vikubwa vya maharage yaliyopikwa vina kama gramu 18, sehemu yake ikiwa nyuzinyuzi. Ukiyachukua, ugali upungue nusu. Asubuhi, badala ya chapati au maandazi, mayai mawili na nyanya, nusu parachichi, na chai isiyo na sukari. Asali na sukari guru usidanganywe nazo, ni sukari. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, na juisi ya miwa haina nafuu. Zabibu zetu za Dodoma ni tamu kwelikweli: punje 10 hivi zina gramu 9 za wanga, kwa hiyo hesabu punje, usiweke bakuli mbele yako. Chipsi mayai bado ni chipsi.

Ukienda kwa mama mkwe, omba sahani yako. Kwenye sinia la pamoja huwezi kujua umekula kiasi gani, na kumega kidogo kidogo hufika mbali. Mwambie mapema ni agizo la matibabu; ataelewa kuliko ukikaa kimya na kusukuma matonge pembeni.

Kupima: nawa mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza, kwa sababu maji ya embe au zabibu kidoleni hutoa namba ya uongo. Chupa ya vijiti vya kupimia sukari ifunge mara moja na usiiache ndani ya gari juani. Pima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya tonge la kwanza. Ikipanda kwa zaidi ya 3, mlo ule ulikuwa na wanga mwingi kwako. Punguza ugali kwa gramu 30 kesho yake na upime tena mlo uleule. Tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kula, uone tofauti. Namba ya asubuhi itachelewa kushuka kuliko zote, maana alfajiri ini hutoa sukari yake lenyewe. Usijinyime chakula cha usiku kwa hasira ya namba hiyo.

Wiki ya kwanza kichwa kinaweza kuuma na kizunguzungu kukushika ukisimama, kwa sababu mwili hutoa maji na chumvi nyingi. Maji na supu yenye chumvi kiasi husaidia, lakini ukiwa na dawa za presha muulize daktari kabla, huenda nazo zikahitaji kupunguzwa. Macho yakiona ukungu usikimbilie miwani. Sukari ikibadilika lenzi ya jicho hubadilika pia, subiri wiki kadhaa. Choo kikiwa kigumu, mboga na maji havijatosha.

Na ukigundua una ujauzito, acha mpango huu mpaka uonane na daktari.

Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na uzito wa ugali wa mlo husika. Baada ya miezi 3 omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi kama mitatu, na cha figo, ulipeleke daftari hilo kliniki, kisha uniandikie majibu.

Wasalimie mwenzako na watoto.

Baba yako