Hodi ya barua pepe: kwa vijana mnaoanza kuuza

Wanangu,

Wiki iliyopita mmoja wenu alikuja kunisalimia hapa nyumbani Arusha, akanipa simu yake nione. Kwa siku mbili alikuwa ametuma barua pepe 212 kwa hoteli na kampuni za utalii, kuanzia Karatu hadi Nungwi, akitafuta kazi ya kutengeneza tovuti. Majibu yalikuwa mawili. Moja la mashine: "Nipo likizo." La pili lilikuwa neno moja, nami silirudii mbele ya watoto wa watu. Nikamwomba anisomee aliyoituma. Ilianza hivi: "Habari Mpendwa Mteja."

Mteja gani, jamani? Mtu hajakununulia hata kalamu, tayari ni mteja, tena mpendwa! Chini yake aya sita za kujisifu, orodha ya bei, na kiambatisho kizito ambacho hakuna aliyekiomba. Wote 212 walipata maneno yaleyale, hata wale ambao tovuti zao ni mpya na nzuri kuliko ya kwake.

Mimi nimeuza uchapishaji miaka 30: kalenda, vitabu vya risiti, menyu za hoteli. Nilianza kwa miguu, sampuli kwapani. Mlangoni nilipiga hodi kama alivyonifundisha mama: mara tatu, usipoitikiwa ondoka. Na hodi haina maelezo. Hujawahi kuona mtu amesimama nje anataja bei ya kila kilichomo kapuni kabla hajasikia "karibu". Barua ya kwanza kwa mtu asiyekujua ni hodi. Inatafuta kuitikiwa tu. Mauzo yana siku yake.

Basi tukaketi na yule kijana, tukachagua kambi moja tu ya Karatu. Tukafungua tovuti yao kwa simu, kwa bando la kawaida, kama angefanya mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa KIA sasa hivi. Kitufe cha kuweka nafasi kilikuwa kimefunikwa na picha ya tembo. Ukibonyeza, tembo anakuwa mkubwa zaidi. Tulicheka, kisha tukaandika:

"Mheshimiwa Meneja, jana usiku nilijaribu kuweka nafasi kambini kwenu kwa simu. Kitufe cha kuweka nafasi kimefunikwa na picha, hakibonyezeki. Huenda na wageni wengine wanakwama hapohapo. Mimi ni mtengenezaji wa tovuti, nipo Arusha. Nikikutumia picha ya nilichokiona, itakufaa?"

Chini tukaweka jina lake kamili na namba ya WhatsApp, maana wengi wetu husoma barua pepe na kujibu kule. Kichwa cha barua kikawa "Kitufe cha kuweka nafasi hakibonyezeki kwenye simu". Hakuna "Ofa kabambe". Swali la mwisho mtu analijibu kwa neno "ndiyo" akiwa kwenye foleni ya benki. (Na usiseme ulijaribu kama hukujaribu. Meneja akikuuliza ulitumia tarehe gani, utatafuta pa kujificha.) Kama mwenye hoteli ni Mtaliano wa Kiwengwa, mwandikie Kiingereza, kile kifupi unachokimudu.

Barua moja ilituchukua nusu saa. Najua mnanung'unika. Lakini nusu saa hiyo ndiyo inayokuonyesha nani hana shida unayoitibu, umwache na amani yake.

Sasa, anwani zile zinazoanza na "info". Mara nyingi hazisomwi na bosi. Zinasomwa na binti wa mapokezi, simu mbili mkononi, mbele yake mgeni anadai taulo. Zamani nilikosa kazi kubwa ya kalenda kwa sababu nilimpita dada wa mapokezi kama ninayepita nguzo. Bahasha yangu ilikaa kwenye droo yake mpaka Februari. Kalenda, mwezi wa Februari! Tangu hapo nikajua nani ana funguo za ofisi. Mwandikie yeye, kwa heshima: "Naomba unielekeze kwa anayehusika na tovuti." Akikupa jina, mshukuru kabla hujamwandikia huyo mkubwa, na umwambie mkubwa ni nani aliyekuelekeza.

Angalieni pia msimu. Kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wakivuka Mto Mara na vitanda vimejaa, meneja wa kambi hana jicho la kusoma barua ya mtu asiyemjua. Masika, Aprili na Mei, kambi nyingi hufunga au hubaki na wageni wachache. Ndipo wanapopaka rangi, wanabadili magodoro, na wanafikiria mambo kama tovuti. Yule kijana alikuwa ametuma zake Agosti.

Asipojibu, rudi baada ya siku tano ukiwa na jambo jipya, si "nakumbushia tu". Hodi ya tatu, wiki mbili baadaye, iwe ya kuaga: mistari miwili, bila kununa. Halafu ondoka kweli. Wapo walioniita mwaka mzima baadaye kwa sababu niliondoka vizuri.

Kutuma kwa mafungu si jambo jipya. Mwaka 1978 Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alituma tangazo moja la kompyuta kwa watu wapatao 400 kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, na lawama zikamfuata. Siku hizi mashine nazo zinalinda mlango. Tangu Februari 2024, Gmail inawataka wanaotuma barua 5,000 au zaidi kwa siku wahakikishe malalamiko ya barua taka hayafiki 3 kwa kila 1,000. Ninyi hamjafika huko, lakini anwani mpya ikianza kumwaga mamia kwa siku itaishia kwenye taka hata kwa kumi tu walioudhika. Tumeni chache. Na hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kukataa taarifa zake zitumike kumtangazia biashara. Akisema usiniandikie, futa jina lake siku hiyohiyo.

Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani. Kila mmoja aje na barua moja, imechapwa kwenye karatasi, tuisome kwa sauti mbele ya wenzake. Yule wa tembo ataanza yeye, maana meneja wa Karatu amemjibu "ndiyo, tuma" na bado hajui aandike nini.

Babu yenu, mchapishaji mstaafu